Pauni 47 na Pauni 319: Hesabu za Shirika Lililobadili Jina

Mwaka 2016 shirika moja la Sheffield, mji wa kaskazini mwa England uliopata sifa kwa chuma na visu, lilibadili jina. Lilikuwa Tinder Foundation, likawa Good Things Foundation. Kazi ilibaki ile ile: kuwafundisha watu wazima wasiojua kutumia intaneti, wengi wao wazee, watu wa kipato cha chini, wasio na ajira na wenye ulemavu, kupitia vituo vilivyotawanyika mitaani. Na lilikuwa na mengi ya kujivunia mwaka huo. Lilikuwa na mtandao wa vituo 5,000 hivi. Lilihesabu zaidi ya watu milioni 2 waliosaidiwa na vituo hivyo tangu 2010. Mkononi lilikuwa na ripoti mpya iliyosema kwamba kila pauni 1 iliyotiwa na huduma ya afya ya taifa, NHS, katika mafunzo hayo imeleta faida ya pauni 6.40.

Nimezipitia namba hizo kwa kalamu na kikokotoo, na sioni pa kusema zimepikwa. Ila namba za mashirika ya hisani hupendeza zikiwa nzima, na huanza kueleza mambo zikigawanywa. Ukizigawanya hizi, kinachojitokeza ni kwamba gharama ya kumsaidia mtu mmoja hushuka pale shirika linapowachukua walio rahisi kufundishwa, na hupanda pale linapowafikia wale hasa ambao kwa ajili yao lilianzishwa. Shirika linalokua kwa haraka na kwa bei nafuu linastahili pongezi, na pia linastahili kuulizwa limewafundisha akina nani.

Jina kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi. Vituo vyenyewe vina umri mkubwa kuliko shirika. Serikali ya Tony Blair ilivianzisha karibu na mwaka 2000 kwa jina la UK online centres, enzi zile intaneti ya nyumbani ilipitia waya wa simu, na mtu akiingia mtandaoni, simu ya mezani haipatikani. Kwa miaka mingi vilisimamiwa ndani ya taasisi iitwayo Ufi, iliyoendesha masomo ya learndirect. Mwishoni mwa 2011 wafanyakazi wakajitenga na kuunda shirika lao, Online Centres Foundation, chini ya uongozi wa Helen Milner. Mwaka 2013 wakajiita Tinder Foundation, wakikusudia vile vijiti vikavu vya kuwashia moto. Wazo lilikuwa zuri, bahati ikawa mbaya. Septemba 2012, kule Los Angeles, programu ya simu ya kutafutia wapenzi ilikuwa imeshatoka kwa jina hilo hilo, na baada ya miaka miwili mitatu hakukuwa na kijana Mwingereza asiyeijua. Fikiria shirika linalomfundisha bibi wa miaka 78 kutafuta kitu mtandaoni kwa mara ya kwanza maishani, halafu jina analoambiwa alitafute linamletea wachumba.

Basi likaja jina la tatu ndani ya miaka mitano.

Wafadhili na waandishi wa habari hupenda kuuliza kubadili jina kumekula kiasi gani. Ni swali la haki, lakini kwa shirika la namna hii jibu lake lina mahali pa ajabu pa kujificha. Nembo mpya, anwani mpya ya tovuti, barua pepe za wafanyakazi, mikataba, akaunti ya benki, makaratasi ya usajili: hayo ni ya ofisi moja, na ofisi moja haina mabango mengi. Gharama ya kutisha ingekuwa mlangoni kwa vituo. Tuseme, kwa mfano tu, kila kituo kingehitaji bango jipya la pauni 20. Zidisha kwa 5,000, unapata pauni 100,000, na kwa bei nafuu kabisa ya kumfundisha mtu mmoja, bei nitakayoieleza punde, hizo ni nafasi za watu zaidi ya 2,100 zilizoning'inizwa ukutani.

Haikuwa hivyo, na sababu ndiyo siri ya ukubwa wote wa shirika hili: vituo si mali yake. Ni maktaba za halmashauri, vyumba vya jumuiya, mashirika ya kuhudumia wakimbizi, makanisa, nyumba za ushirika, hata mikahawa. Kila kimoja kina uongozi wake, kodi yake ya pango na jina lake lililozoeleka mtaani. Shirika la Sheffield huvipa masomo ya bure kwenye jukwaa liitwalo Learn My Way, huvitafutia ruzuku ndogo, huvifundishia watu wa kujitolea na kukusanya takwimu. Mama wa Rotherham, mji jirani, anayekwenda maktaba ya mtaa wake hajui, na hana haja ya kujua, kwamba kule makao makuu jina limebadilika. Anakwenda maktaba.

Hapa ndipo penye ubora na udhaifu kwa wakati mmoja. Ofisi ndogo inaweza kusema ina vituo 5,000 kwa sababu paa, taa na viti vinalipiwa na wengine. Kwa hiyo gharama yake kwa kila mwanafunzi huonekana ndogo kuliko ilivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya bili haimo katika vitabu vyake. Na yule mwingine akiishiwa, shirika halina la kufanya. Machi 2016 uchunguzi wa BBC ulionyesha kwamba maktaba 343 zilikuwa zimefungwa Uingereza tangu 2010 na karibu ajira 8,000 za maktaba zimepotea, baada ya halmashauri kukatiwa bajeti. Mtandao unaoegemea maktaba ulikuwa ukitangaza kukua katika miaka ile ile ambayo maktaba zilikuwa zikifunga milango. Si kwamba ulidanganya. Ulijaza mapengo kwa washirika wa aina nyingine. Lakini kwa mtu aliyezoea maktaba iliyokuwa dakika tano kutoka kwake, kituo kipya upande wa pili wa mji ni sawa na hakipo.

Sasa tuigawanye milioni 2. Tangu 2010 hadi 2016 ni miaka sita hivi. Inakuja kama watu 333,000 kwa mwaka. Gawanya kwa vituo 5,000: watu 67 kwa kituo kimoja kwa mwaka mzima, yaani mmoja na ushee kwa wiki. Bila shaka vituo havilingani. Kipo kinachopokea mamia na kipo kinachopokea wachache wa kuhesabika. Ila wastani huo unaiondoa picha ya darasa kubwa lenye safu za kompyuta. Ni kazi ya mtu na mtu.

Ukiitazama kazi yenyewe utaelewa kwa nini. Somo la mwanzo kabisa ni kushika kipanya. Mtu wa miaka 70 anakisukuma, mshale unakimbilia pembeni mwa kioo, anakiinua mezani kama anayetafuta kitu chini yake, mshale unasimama, anauliza umekwenda wapi. Kubofya mara mbili kunataka kidole cha kasi, na mwenye ugonjwa wa viungo hana kasi hiyo. Akishamaliza kipanya, ipo barua pepe, na ili kufungua barua pepe anatakiwa nenosiri lenye herufi kubwa, herufi ndogo na namba. Analiandika kwenye karatasi. Wiki inayofuata karatasi imebaki nyumbani. Mfumo unasema utamtumia namba ya kuthibitisha kwenye simu, na simu yenyewe alinunuliwa na mwanawe na hajui kusoma ujumbe. Saa imekwisha. Mtu wa kujitolea aliyekaa naye hakulipwa, lakini saa yake ina thamani, na kiti, umeme na chai vimelipiwa na mtu fulani.

Mwaka 2014 Tinder Foundation na taasisi iitwayo Go ON UK walitoa ripoti iliyojaribu kuipa saa hiyo bei. Makadirio yalianzia pauni 47 kwa mtu anayehitaji msaada mdogo hadi pauni 319 kwa anayehitaji msaada mwingi. Kwa kiwango cha mwaka huo, pauni 1 ikiwa kama shilingi 145 za Kenya, tunazungumzia shilingi 6,800 kwa wa kwanza na shilingi 46,000 kwa wa pili. Kuwafikisha watu milioni 6.2 zaidi kwenye ujuzi wa msingi ifikapo 2020 kungehitaji pauni milioni 875, zigawanywe kwa usawa: serikali milioni 292, kampuni milioni 292, mashirika ya kijamii milioni 292. Gawanya jumla kwa watu, unapata wastani wa pauni 141 kwa kichwa.

Wastani huo wa 141 ni namba ya kuwapelekea mawaziri. Anayeendesha kituo huishi na 47 na 319. Mpe pauni milioni 1 na umwambie achague mwenyewe wanafunzi. Akiwachukua wale wa pauni 47, ataandika kwenye ripoti yake watu 21,276. Akiwachukua wale wa pauni 319, ataandika 3,134. Mfadhili anayelinganisha ripoti mbili mezani bila kuuliza zaidi atamwona wa pili mzembe, na mwaka unaofuata atamnyima. Hakuna aliyekosa uaminifu hapo. Mkataba ukilipa kwa idadi ya vichwa, vichwa vyepesi ndivyo vitakavyohesabiwa kwanza, na anayehitaji miezi sita atabaki kwenye orodha ya kusubiri, ikiwa alikuwamo kwenye orodha.

Ndiyo maana pia lazima kujua ni nani hasa anayehesabiwa kuwa nje. Wakati ule zilikuwapo namba mbili zilizokuwa zikichanganywa kila siku. Ofisi ya Takwimu ya Uingereza ilisema mwaka 2016 kwamba watu wazima milioni 5.3, asilimia 10.2, hawajawahi kutumia intaneti hata mara moja. Go ON UK ilisema mwaka 2015 kwamba watu wazima milioni 12.6, asilimia 23, hawana ujuzi wa msingi wa kidijitali. Ya pili ni zaidi ya mara mbili ya kwanza kwa sababu inapima kitu kingine: mtu anatakiwa aweze mambo ya aina tano, yaani kutafuta na kutunza taarifa, kuwasiliana, kulipa na kununua, kutatua tatizo, na kutengeneza au kuandika kitu mtandaoni. Akishindwa aina moja tu, yumo katika milioni 12.6. Kwa hiyo ndani ya namba hiyo yupo mzee asiyewahi kugusa kompyuta, na yupo pia kijana anayeshinda kwenye simu yake lakini hawezi kujaza fomu ya kuomba kazi. Huyo wa pili ni wa pauni 47. Mzee, aghlabu, ni wa 319.

Tukichukua mwendo ule wa watu 333,000 kwa mwaka na kuukabili na milioni 12.6, kazi ingekwisha baada ya miaka 38, hata asipoongezeka mtu mwingine. Na takwimu za umri zinaonyesha walipo waliosalia: mwaka 2016 vijana wa miaka 16 hadi 24 waliokuwa wametumia intaneti karibuni walikuwa asilimia 99.2, wenye miaka 75 na kuendelea asilimia 38.7. Kati ya watu wenye ulemavu, robo nzima, asilimia 25, hawakuwahi kuitumia kabisa.

Mradi uliolipa shirika jina kubwa zaidi mwaka huo ulikuwa ule wa afya. Kuanzia 2013 hadi 2016 NHS England ililipia mafunzo ya kutumia intaneti kwa ajili ya afya: kuweka miadi na daktari, kuagiza dawa za marudio, kusoma maelezo ya ugonjwa kwenye tovuti ya kuaminika badala ya kubahatisha. Ripoti ya mwisho, ya Julai 2016, ilisema watu 387,470 walifikiwa, na kati yao 221,941 walipata mafunzo. Watu wa kujitolea waliofunzwa walikuwa 8,138.

Angalia maneno hayo mawili, kufikiwa na kupata mafunzo. Kufikiwa kunaweza kuwa kipeperushi. Kupata mafunzo ni kukaa kitini. Waliokaa kitini ni asilimia 57 ya waliofikiwa, kiwango kizuri sana, na shirika lilifanya vyema kuziandika namba zote mbili. Wengi huandika ile kubwa tu. Ukiwagawa waliofunzwa kwa watu wa kujitolea, kila mmoja aliwahudumia 27 katika miaka mitatu. Tena tunarudi pale pale, mtu na mtu.

Kisha ikaja hesabu ya fedha. Katika uchunguzi wa waliofunzwa, asilimia 21 walisema wamepunguza kumpigia simu au kumtembelea daktari wa mtaa, na asilimia 6 walisema wamepunguza kwenda idara ya dharura hospitalini. Hayo yakageuzwa pauni: milioni 3.7 za ziara za daktari na milioni 2.3 za dharura, jumla milioni 6 kwa mwaka. NHS ilikuwa imetoa pauni 810,000 mwaka huo wa tatu. Wanaofanya hesabu kwa haraka watagawanya 6 kwa 0.81 na kupata 7.4, kisha waseme ripoti imekosea. Haijakosea. Imetoa kwanza gharama, zikabaki pauni milioni 5.19, ndipo ikagawanya. Inatoka 6.4, nayo ni faida baada ya kurudisha mtaji. Katika ripoti za hisani uangalifu huo si wa kawaida, na unastahili sifa.

Hata hivyo, mzigo umebebwa na wachache. Wale asilimia 6 wa dharura peke yao wanaleta asilimia 38 ya akiba yote, kwa kuwa ziara moja ya dharura ni ghali kuliko kumwona daktari wa mtaa. Na asilimia 6 hiyo imetokana na watu kukumbuka wenyewe walikwenda hospitali mara ngapi. Tuseme kumbukumbu zao zilizidisha kidogo, na ukweli ni asilimia 4. Akiba ya dharura inashuka hadi pauni milioni 1.53, na ile 6.40 inakuwa 5.46. Bado ni faida nzuri ajabu; hakuna hatifungani inayolipa hivyo. Lakini tarakimu mbili baada ya nukta zimekwisha kupoteza maana yake.

Halafu, pauni hizo milioni 6 hakuna aliyeziona benki. Mgonjwa mmoja asipokwenda kwa daktari, kiti chake hukaliwa na mwingine aliyekuwa akisubiri. Daktari halipwi pungufu. Kilichopatikana ni foleni fupi, jambo ambalo Mwingereza yeyote angelilipia, ila mhasibu wa NHS hawezi kulichukua akalipia mwaka wa nne wa mafunzo. Mashirika mengi hukwama hapa: faida inaangukia mfuko wa mtu mmoja, gharama inatoka mfuko wa mwingine, na wa tatu ndiye mwenye ripoti.

Juni 2016 kamati ya Bunge ya sayansi na teknolojia ilileta namba kubwa kuliko zote: upungufu wa ujuzi wa kidijitali unaigharimu nchi pauni bilioni 63 kwa mwaka katika mapato yanayopotea. Magazeti yakaichukua. Mimi naiona haina kazi. Ukiweka bilioni 63 kando ya milioni 875, ya pili inaonekana chenji, na mtu anabaki kujiuliza kwa nini haikulipwa siku hiyo hiyo. Haikulipwa kwa sababu bilioni 63 inachanganya mambo yasiyofanana, kuanzia kampuni zinazokosa wahandisi wa programu hadi bibi asiyejua kipanya, na hakuna wizara yenye mfuko wa kuzikusanya.

Kilichofuata kilikuwa ahadi. Oktoba 2016 serikali ilitangaza kwamba mafunzo ya msingi ya kidijitali yatakuwa bure kwa watu wazima wa England wasio na ujuzi huo, na ikaitia ahadi hiyo katika muswada uliokuja kuwa Sheria ya Uchumi wa Kidijitali ya 2017. Kwa shirika lililobadili jina mwaka huo huo, ulikuwa ushindi wa kuandika kwa wino mzito. Haki yenyewe ilianza kutekelezwa Agosti 2020. Karibu miaka minne. Na ilipofika, Uingereza ilikuwa imekwisha kupita katika karantini ya kwanza ya korona, vituo vilikuwa vimefunga milango tangu Machi, na yule mtu wa pauni 319 alikuwa nyumbani peke yake, akitakiwa kuagiza chakula na dawa mtandaoni.

Serikali ilikuwa na lengo jingine la 2014: kupunguza idadi ya walio nje ya mtandao kwa asilimia 25 kila miaka miwili. Linasikika kali, lakini lijaribu kwa watu 100. Baada ya miaka miwili wanabaki 75, baada ya minne 56, baada ya sita 42. Kila awamu inachukua kidogo kuliko iliyotangulia, na kila mtu anayechukuliwa ni mgumu kuliko wa kabla yake. Ikiwa bajeti inabaki ile ile, lengo la namna hiyo limekwisha kushindwa kwenye karatasi.

Je, hali ilikwendaje? Watu wazima ambao hawakuwahi kutumia intaneti walikuwa asilimia 10.2 mwaka 2016, 9.2 mwaka 2017, 8.4 mwaka 2018, 7.5 mwaka 2019, na 6.3 mwaka 2020. Kushuka kwa karibu nukta moja kila mwaka, kama nusu milioni ya watu. Good Things na vituo vyake wana sehemu yao katika mshuko huo, ila hakuna awezaye kuikata sehemu hiyo kwa kisu. Wengine walifundishwa na wajukuu. Wengine walilazimishwa na benki iliyofunga tawi. Na kwa kuwa wengi wa waliosalia walikuwa na miaka zaidi ya 75, wengine waliondoka kwenye takwimu kwa sababu walifariki. Hilo haliandikwi kwenye ripoti za mwaka, na silaumu. Ni gumu kuliandika.

Baadaye hesabu za faida zikaendelea kubadilika. Mwaka 2018 wachumi wa taasisi ya Cebr walikadiria kwa niaba ya shirika kwamba kila pauni 1 ya kuwajumuisha watu kidijitali ingerudisha pauni 15. Mwaka 2022 Cebr hao hao wakakadiria pauni 9.48. Huwezi kuziweka namba hizi mizani moja kana kwamba ni mavuno ya shamba lile lile, kwa kuwa bei, dhana na watu waliokadiriwa vimebadilika kati yake. Lakini mwelekeo ndio ningeutarajia. Wepesi wamekwisha kupita, waliosalia wanataka zaidi.

Na walichotaka kikabadilika pia. Mwaka 2021 Good Things na kampuni ya simu ya Virgin Media O2 walianzisha kile walichokiita National Databank, benki ya bando: laini zenye data ya bure zinazogawiwa na vituo vya mitaani kwa wasioweza kulipia. Shirika lililojengwa juu ya kufundisha likawa linagawa laini na vifaa. Ni ukiri wa maana, kwamba kuna watu ambao wanajua vizuri kutumia intaneti na hawana ya kuitumia. Gharama ya kumsaidia mtu huyo ni ya namna tofauti kabisa. Aliyejifunza kipanya amejifunza. Bando huisha mwisho wa mwezi.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa ataona jambo hapa. Kenya ilipitisha huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye jukwaa la mtandaoni la eCitizen kufikia katikati ya 2023, na katika mpango wake wa miundombinu ya kidijitali imo ahadi ya vituo 1,450, kimoja kwa kila wadi. Kwa sasa kazi ya kuwasaidia watu kuzitumia huduma hizo inafanywa na saiba, vibanda vya intaneti vya kulipia. Mtu anakwenda na kitambulisho, anamwachia kijana wa saiba nenosiri lake la mamlaka ya mapato, KRA, analipa mia mbili au mia tatu, anaondoka na karatasi iliyochapwa. Huduma imepatikana, ujuzi haukupatikana, na mwakani atarudi kulipa tena. Kwa upande mwingine saiba inajilipia kodi yenyewe, haingoji ruzuku ya mtu, na inafungua hata Jumapili.

Ukivichukua vituo vile 1,450 na kuvipa mwendo wa Sheffield, watu 67 kwa kituo kwa mwaka, Kenya itafundisha watu 97,150 kila mwaka, katika nchi iliyohesabu watu milioni 47.6 kwenye sensa ya 2019. Kituo kinaweza kupokea zaidi ya 67, bila shaka; vyumba vitakuwa vikubwa na foleni ndefu. Lakini idadi hiyo haipandi kwa kuongeza kompyuta wala kasi ya intaneti. Inapanda kwa kuongeza watu wa kukaa kando ya mwanafunzi, na katika makadirio ya ujenzi ninayoyasoma, mshahara wa mtu huyo ndio mstari ambao bado sijauona.